Joto si jua: kisa cha kobe mchanga wa ghorofa ya nne Michenzani

Kisa hiki kinahusu kobe mmoja mchanga anayeishi na familia ya watu sita katika flati ya ghorofa ya nne, Michenzani, mjini Unguja. Nakieleza chote, mimi daktari niliyemtibu, kuanzia alivyoletwa hadi alipo leo, kwa sababu yaliyomfika ndiyo yanayowafika makobe wengi wa mjini wanaofugwa ndani. Sababu ya pili ni kwamba maelekezo mengi ambayo watu huyasoma kwenye simu zao yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ukiyafuata kama yalivyo hapa Unguja, utanunua vitu visivyohitajika na utakikosa kile ambacho kobe hawezi kuishi bila yake.

Familia yenyewe ni baba, mama, watoto watatu na bibi mzaa baba. Kobe aliletwa na mjomba wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Bara. Alimwokota kando ya barabara, akamtia kwenye boksi la viatu na kuvuka naye kwa boti, zawadi kwa mpwa wake wa darasa la tano. Mtoto alikuwa ametoka kutembelea kisiwa cha Changuu na skuli yake, amewaona wale makobe wakubwa wanaonyoosha shingo wakunwe, na tangu siku hiyo hakuwa na neno jingine mdomoni. Alipofungua boksi aliamini kwamba amepata mtoto wa kobe wa Changuu.

Hakuwa wa Changuu. Wale ni kobe wa Aldabra, wanne wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi, wakazaana pale kisiwani. Huyu wa Michenzani alikuwa kobe wa madoa, mwenye gamba la manjano lililopigwa alama nyeusi, kobe wa mbuga na nyika zinazoanzia huku kwetu Afrika Mashariki hadi kusini kabisa mwa bara. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 40 na huweza kuishi miaka 50 na zaidi. Hula majani, tena majani magumu yenye nyuzinyuzi, na amezoea jua kali. Nalisisitiza hili kwa sababu jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amewashauri wampe konokono na uyoga. Ushauri huo unamfaa kobe mwingine, yule wa msituni ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hujifunga kama mlango wa bawaba. Huyo hupenda kivuli, hula wadudu na konokono, na mahitaji yake ya mwanga ni madogo zaidi. Anayetaka kumtengenezea kobe makazi aanze kwa kumjua ni kobe gani. Kama hana hakika, ampige picha juu, chini na kwa ubavu, amwoneshe anayejua kabla hajanunua hata ubao mmoja.

Jambo la kwanza nililowauliza wazazi lilikuwa kibali. Makobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini. Bara kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na hapa Zanzibar wanyama wa porini wako chini ya usimamizi wa Idara ya Misitu kwa sheria Na. 10 ya 1996. Kumwokota kobe barabarani na kuvuka naye bahari si jambo dogo, hata kama limefanywa kwa mapenzi. Changuu yenyewe inatufundisha. Mwaka 1955 makobe wale walikuwa wamefika kiasi cha 200. Wakaibwa, wengine kwa kuliwa, wengine kwa kuuzwa nje wafugwe, na ilipofika 1996 walibaki 7 tu. Baba wa nyumba alikwenda kujieleza mwenyewe, akapewa taratibu za kufuata, na kobe akaachwa kwao kwa matibabu chini ya uangalizi. Nilimheshimu sana kwa hatua ile, kwani wengi huogopa na kuficha, na kobe aliyefichwa hapelekwi kwa daktari.

Sasa hali ya mgonjwa. Gamba lilikuwa na urefu wa sentimita 9. Kwa ukubwa ule gamba la tumboni linatakiwa liwe gumu kama ubao. Nilipolibonyeza kwa kidole gumba lilibonyea, nikaondoa kidole, likarudi polepole. Taya la chini lilikuwa laini. Vipande vya mgongoni vilianza kuinuka kila kimoja peke yake, vijiminuko vidogo ambavyo kobe wa porini wa umri ule hana. Macho yalikuwa mazuri, pua kavu, hakuna kamasi wala mlio wakati wa kupumua. Alikula kidogo na kuchagua.

Nilimweka juu ya kigae cha sakafu. Miguu ya nyuma ikafunguka pembeni, kucha zikakwaruza bila kushika, tumbo likaburuzika. Mama akaniambia, "Daktari, ndivyo anavyotembea siku zote, sisi tukadhani ni mwendo wake." Nikaomba mkeka. Juu ya ukili kucha zilipata pa kushika, akainua tumbo kidogo, akapiga hatua chache kisha akalala. Kwa hiyo utelezi wa kigae ulikuwa sehemu ya tatizo, lakini udhaifu wa mifupa ulikuwepo hata pasipokuwa na utelezi. Haya ni matege, maradhi yale yale ya watoto wanaokosa jua na chakula cha mifupa.

Makazi yake yalikuwa tangi la samaki la kioo, limewekwa karibu na dirisha la chumba cha watoto. Chini kulikuwa na kokoto nyeupe zilizooshwa zikang'aa. Juu kulikuwa na taa ya kawaida ya LED. Dirisha lilikuwa la kioo na lilifungwa muda mwingi, kwa sababu usiku chumba kile huwashwa kiyoyozi. Chakula kilikuwa saladi, tango, nyanya, na mkate uliolowekwa kwenye maziwa asubuhi. Jioni alitolewa kutembea sebuleni. Yote yalifanywa kwa usafi na mapenzi makubwa. Tangi lilisuguliwa kila Ijumaa, na mtoto alikuwa na daftari la kuandika kila alichokula, daftari lililonisaidia mno.

Bibi alikuwa amekaa pembeni muda wote akinisikiliza. Mwishowe akasema, "Mwanangu, kwetu Makunduchi kobe anatembea zake juani, mvua ikija analoa, hana taa wala kioo. Huyu amewekwa mahala pa kifahari na anaumwa. Mimi naona kakosa jua."

Baba akamjibu kwa adabu, "Mama, lakini tangi lipo dirishani, linapigwa na jua tangu asubuhi. Ukigusa kioo kinaunguza."

Mazungumzo yale mafupi ndiyo kiini cha kisa chote. Baba alikuwa sahihi kwamba joto lilikuwepo. Bibi alikuwa sahihi kwamba jua halikuwepo. Mwanga wa jua una sehemu nyingi, na ile inayomjengea kobe mifupa ni mionzi ya urujuanimno aina ya B, inayoandikwa kwa kifupi UVB. Mionzi hiyo ikipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu inayoliwa haifyonzwi, hupita na kutoka. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha nuru na joto lakini huzuia karibu UVB yote. Kobe wa familia hii alikuwa nyuma ya vioo viwili, cha dirisha na cha tangi. Alipata joto, alipata mwanga wa kuonea, na mifupa yake ilikuwa kama ya mtu aliyefungiwa handakini. LED ya juu haikuongeza kitu, kwa sababu taa za nyumbani, ziwe LED au zile za kubana umeme, hazitoi UVB ya maana.

Nchi za baridi watu hulazimika kufikiria joto kwanza: taa za kupasha, mikeka ya umeme, vipima joto kila pembe. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Usiku wa kipupwe hapa mjini hewa haishuki kufikia baridi ya kumdhuru kobe wa madoa, na mchana wa kaskazi chumba cha ghorofani hupanda wenyewe kupita nyuzi 30. Ndiyo maana nasema kwamba hapa kwetu anayefuga kobe ndani asihangaike kununua vifaa vya kupasha usiku. Hata umeme ukikatika, kobe hatakufa kwa baridi. Giza lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010 lilituharibia friji na biashara, lakini kwa kobe lingekuwa giza tu. Kinachomletea baridi kobe wa Unguja ni kiyoyozi. Chumba kinachopozwa hadi nyuzi 18 kila usiku kinamtoa kwenye hali ya hewa yake na kumfanya ashindwe kusaga chakula, na juu ya hapo kinakausha hewa.

Ukavu huo ndio ulioanza kuonekana mgongoni. Kwa muda mrefu watu waliamini vijiminuko vya gamba vinatokana na kula protini nyingi. Utafiti uliochapishwa 2003 kwa makobe wachanga wa aina inayoishi ukingo wa kusini wa Sahara ulionesha kwamba unyevu wa hewa ndio wenye athari kubwa, na protini athari yake ni ndogo. Wachanga waliolelewa kwenye ukavu walipata viminuko vikubwa, waliolelewa kwenye unyevu magamba yao yalikuwa laini. Kobe mchanga porini hutumia muda mwingi amejificha chini ya majani na kwenye mashina ya nyasi, pahala penye unyevu kuliko hewa ya wazi. Kokoto kavu ndani ya chumba chenye kiyoyozi ni kinyume cha hayo. Tena kokoto humezwa, na tumbo la kobe mdogo halina njia ya kuzitoa kirahisi.

Kabla ya makazi nilishughulikia dawa, nalo nitalipitia haraka. Walikuwa wamempa matone ya vitamini D ya mtoto mdogo, kwa kukisia. Niliwaomba waache siku ile ile. D3 ya kumeza ikizidi hukaa mwilini na kupeleka kalsiamu pasipotakiwa, kwenye figo na mishipa. Ile inayotengenezwa na ngozi kwa jua mwili huidhibiti wenyewe. Nikampa kalsiamu ya kunywa kwa kipimo cha uzito wake, na maji ya vuguvugu ya kuoga, kina kisichozidi kidevu, robo saa kila siku. Mtoto alipewa kazi hiyo ya kuogesha, na sharti la kunawa mikono kwa sabuni kila akimgusa, kwa sababu kobe mzima kabisa anaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Makazi mapya tuliyafikiria katika sehemu mbili: meza ya ndani na uga wa veranda. Kwa meza baba alitaka kununua tangi kubwa zaidi. Nilimshauri asinunue. Kobe haelewi kioo. Hukiona kama njia na kukisukuma kutwa, na tangi halipitishi hewa. Kulikuwa na kabati la nguo la zamani lililovunjika mlango. Fundi seremala aliling'oa milango yote na rafu, akalilaza chali, akalipunguza likabaki na urefu wa sentimita 140, upana 60 na kingo za sentimita 40. Ndani likatandikwa nailoni nene, ikapandishwa ubavuni na kubanwa kwa vipande vya ubao ili udongo wenye maji usiozeshe mbao. Kingo zisizopenyeza macho zilimtuliza siku ile ile alipowekwa. Meza ilihamishiwa sebuleni, mbali na kiyoyozi, upande wa veranda.

Kitandiko nakieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo tulipo na neema ambayo wenzetu wa mbali hununua kwa pesa nyingi. Maelekezo yote mazuri husema utumie unga na nyuzi za makumbi ya nazi, zinazouzwa kwao zimekaushwa na kubanwa mithili ya matofali. Sisi makumbi tunayachoma. Lakini kuna tahadhari moja. Usumba unaouzwa kwa ajili ya kusokota kamba hutokana na makumbi yaliyofukiwa pwani miezi mingi, na umejaa chumvi. Huo haufai mpaka uoshwe na kuoshwa tena kwa maji baridi ya kunywa. Tulichukua makumbi makavu ya shamba, mama na bibi wakayaponda uwani kwa jamaa zao, wakayachanganya na udongo wa kawaida usiotiwa mbolea wala dawa, udongo sehemu mbili na makumbi sehemu moja. Kina kilikuwa sentimita 12, ili aweze kujifukia mwili mzima. Upande mmoja ulimwagiwa maji mpaka chini kukawa na unyevu huku juu pakibaki pakavu, na upande mwingine ukaachwa mkavu. Kobe mwenyewe huchagua.

Fundi alijitolea vumbi la randa bure. Tulimshukuru na tukakataa, maana huwezi kujua limetoka kwenye mbao gani na zimepakwa dawa gani, na harufu ya mbao nyingi huudhi mapafu ya kobe. Kwa sababu hiyo hiyo nisingetandika makonyo ya karafuu, hata kama Pemba yanapatikana tele.

Maficho yalikuwa nusu ya mtungi uliovunjika, umelazwa na kufukiwa kidogo upande wa unyevu, ndani umejazwa majani makavu ya mwembe. Kisahani cha udongo cha chini ya chungu cha maua kikawa cha maji, kimezamishwa mpaka ukingo wake ukalingana na udongo. Jiwe moja bapa liliwekwa anapolia chakula, lipunguze kucha na mdomo. Tulipanda pia ukoka kwenye kona, akaumaliza.

Taa ya UVB iliagizwa kutoka nje, tyubu ndefu ya asilimia 12 inayofaa wanyama wa jua kali. Ilifungwa sentimita 40 juu ya mgongo wake bila kioo wala plastiki katikati, upande mmoja tu wa meza ili apate pa kuikimbia, na pembeni yake balbu ya kawaida ya joto ya kuota mchana, iliyoleta nyuzi 33 juu ya jiwe. Zote mbili huzimwa usiku. Nilimwambia mtoto aandike tarehe ya kuifunga kwenye ubavu wa tyubu kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa sababu UVB hupungua kabla ya nuru kufifia. Taa inaweza kuonekana nzima machoni huku kazi yake imekwisha, na baada ya mwaka mmoja ibadilishwe hata kama inawaka vizuri.

Hata hivyo taa ile niliiweka kama akiba ya siku za masika na za mawingu. Tiba yenyewe ilikuwa veranda. Kutoka mlangoni ni hatua chache, na inaelekea mashariki. Wazazi walitaka kumtoa saa moja asubuhi, kabla ya kazi, wakidhani jua la mapema ndilo salama na lenye faida. Ni zuri kwa kupasha mwili, lakini jua likiwa chini mionzi yake hupita kwenye hewa nyingi na UVB inayobaki ni ndogo. Tukapanga saa tatu hadi saa tano, bibi akiwa msimamizi kwa kuwa ndiye anayeshinda nyumbani. Alilipokea jukumu lile kwa furaha, na tangu hapo hakuna aliyemjua kobe yule kuliko yeye.

Uga wenyewe ni boksi la mbao lisilo na mfuniko, la mita moja kwa sentimita 60, lenye udongo na nusu yake imefunikwa kwa kipande cha ukuti. Nusu ya kivuli si mapambo. Kobe mdogo hupata joto haraka kuliko mkubwa, na akikaribia nyuzi 40 za mwili yuko hatarini. Beseni la plastiki juani bila kivuli linaweza kumuua kabla hujamaliza kufua. Juu tulitandika wavu wa kuku. Baba aliuona ni wa ziada, kwani ghorofa ya nne hapafiki paka wala kicheche. Siku ya kwanza kabla ya wavu kufungwa, kunguru wawili walitua ukingoni mwa veranda, wakainamisha vichwa, wakamtazama. Mmoja alirukia ndani ya boksi na kumdonoa gamba kabla bibi hajamfukuza kwa khanga. Kunguru hawa waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 wale taka za mji, na sasa hula kila kitu kuanzia vifaranga hadi mayai ya ndege wetu. Gamba laini la kobe mwenye matege kwao ni kama yai lenye miguu. Wavu ulifungwa siku hiyo hiyo kwa bawaba na komeo. Chandarua au plastiki ya kuonea haifai badala yake, kwa sababu hupunguza au huzuia mionzi ile ile tunayoitafuta.

Chakula kilibadilika chote. Mkate na maziwa viliondolewa. Ukoka uliokatwa mbali na barabara ukawa robo tatu ya mlo wake, ukichanganywa na matembele, majani ya mlonge, na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba. Mlonge una kalsiamu nyingi na unamea uwani kwa watu wengi. Mchicha alipewa kwa nadra, kwani asidi yake huifunga kalsiamu. Kisamvu kibichi hapana kabisa, kwa ajili ya sumu yake. Nyanya na matunda yaliachwa, maana kobe wa madoa ni mla nyasi na sukari humharisha. Kwa kalsiamu ya kila siku nilimtuma mtoto pwani akaokote mfupa wa dome (jamii ya ngisi), ule mweupe mwepesi unaosukumwa na maji hadi ufukweni. Ulilowekwa kwenye maji baridi kwa siku kadhaa utoke chumvi, ukaanikwa, ukawekwa ndani ya meza mzima mzima. Asubuhi moja bibi aliukuta una alama za kutafunwa pembe nzima, na habari hiyo aliniletea kwa simu kabla hata ya salamu kukamilika.

Wiki za mwanzo hazikuonesha kitu isipokuwa hamu ya kula. Kisha akaanza kujifukia usiku na kutoka mwenyewe asubuhi, jambo ambalo kwenye kokoto hakuwahi kulifanya. Vuli ilipoingia taya lilikuwa limekaza. Ilipofika kaskazi gamba la tumboni lilikuwa gumu chini ya kidole changu, na urefu umefika sentimita 12. Ukitazama mgongoni unauona mpaka: katikati ya kila kipande bado kuna kiminuko cha siku za tangi, na kukizunguka kuna pete mpya zilizolala sawasawa. Viminuko vile havitaondoka. Miguu ya nyuma imebaki na mkunjo kidogo, ingawa sasa anainua tumbo na kutembea. Niliwaambia wazazi wazi kwamba hayo ni makovu ya kudumu, na mtoto aliyasikia akiwepo. Naona ni haki mtoto anayefuga ajue gharama ambayo mnyama amelipa.

Limebaki swali la ukubwa. Meza ya sentimita 140 inamtosha leo. Akifika sentimita 25 itakuwa gereza, na hakuna flati yoyote Michenzani inayoweza kumpa nafasi kobe wa madoa mzima. Bibi amejitolea kiambo chake Makunduchi, chenye uwa uliozungushiwa ukuta wa mawe ya tumbawe. Ukuta ule una tundu mbili zinazotakiwa kuzibwa na unatakiwa uongezwe kwenda chini, kwa sababu kobe huchimba. Itabidi pia asiwe na njia ya kutoka kwenda msituni, kwani si kiumbe wa kisiwa hiki na hatakiwi kuchanganyika na waliopo. Baba ameshalipeleka suala hilo kwa maofisa ili uhamisho usifanyike kinyemela.

Mtoto hakupenda, kisha akaomba jambo moja: kobe asihamishwe skuli zikiwa wazi, ili na yeye awepo Makunduchi siku za mwanzo. Nimemuunga mkono. Kobe akihamishwa mara nyingi hugoma kula kwa muda, na atakayejua kama mgomo ni wa kawaida au wa ugonjwa ni mwenye daftari. Tumekubaliana iwe likizo ya Disemba, vuli ikiwa inamalizika na majani yakiwa mengi uwani. Hadi wakati huo tundu zizibwe, na tyubu ya UVB ibadilishwe tarehe iliyoandikwa ubavuni mwake.